Maisha Yaliyobandikwa Ubaoni

Makambako,
9 Julai 2025

Kwa dada yangu Bertila,

Shikamoo dada. Kamwene. Naomba Mungu barua hii ikukute umeamka salama, na mama naye goti limempa nafuu ya kufika jikoni bila fimbo. Wanangu hawajambo? Yusto bado anawakimbiza kuku wa jirani, au ameshakua na akili? Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya mwaka huu imetukamata vibaya, asubuhi ukungu unashuka mpaka huwezi kuona ng'ambo ya barabara, lakini nyie wa Lupembe mtanicheka mkisikia nalalamikia baridi ya Makambako.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu nimeiogopa. Kwenye simu ungenikatiza kwa swali, nami nikibanwa nadanganya, unanijua. Barua hii anakuletea Odilo, yule kijana wa kusambaza mbolea. Naomba uisome peke yako kwanza, kabla mama hajasema umsomee.

Bado nipo kwenye ghala la viazi la Mama Bibie. Kazi siyo mbaya, ila unajua sikusoma mpaka kidato cha sita ili nikae kuchambua viazi mviringo. Sasa mwezi wa tatu kilifunguliwa hapa mjini kituo cha masomo, vyumba viwili tu vya kupanga nyuma ya maghala ya mahindi. Kinatoa shahada ya chuo kikuu cha nje kwa njia ya kompyuta, bila ada, kwa watu ambao vyuo vya kawaida viliwapita pembeni: wakimbizi, yatima, wasichana walioachia shule njiani. Msimamizi ni Mwalimu Agustino, Mkongomani aliyesoma hivyohivyo akiwa kambini Kigoma, shahada yake ameipatia ndani ya hema. Anayefundisha zaidi ni akili mnemba, ile mashine ya kwenye kompyuta inayojibu kama mtu. Unaiuliza kwa Kiswahili, inakueleza mpaka uelewe, haichoki wala haikuiti mjinga. Mimi niliyekosa mkopo wa chuo miaka minne iliyopita, niliposikia habari hiyo nilijua Mungu amenikumbuka.

Nafasi kwa mkoa wetu zilikuwa sita. Kuomba kwenyewe ni kuisimulia mashine maisha yako kwa mdomo, kilichokuzuia kusoma na ulivyopambana. Inakuuliza, unajibu, halafu inayapanga yote kwa Kiingereza kizuri. Mwalimu Agustino alituonya mapema kwamba mashine kazi yake ni kupanga maneno, ukweli analeta mtu mwenyewe.

Simu yangu unaijua, ya tochi. Kwa hiyo nilitumia ya Oktavia. Huyu nimewahi kukutajia, rafiki yangu tangu kidato cha tano, binti wa mfanyabiashara wa mbao wa Njombe. Alifukuzwa chuo mwaka wa pili, baba yake akaapa hatoi ada tena, ndipo akaja kupanga chumba jirani na changu. Tumekula sahani moja. Nilipougua homa ya matumbo mwaka jana, yeye ndiye aliyenifulia nguo. Jumapili tatu mfululizo, tukitoka kanisani, tulikaa kitandani kwake, mimi naongea na simu, yeye ameishika. Kuna mahali alilia. Maneno yale yakabaki kwenye simu yake, nami nikayanakili kwa mkono ili nikayachape kituoni. Aliniambia naye ameshatuma ya kwake, nikamwombea dua njema. Mjinga mimi.

Jumatatu ya wiki iliyopita walibandika majibu. Pale ubaoni kulikuwa na picha sita, na chini ya kila picha maisha ya mtu kwa ufupi. Ya tatu ilikuwa ya Oktavia, amejifunga kitambaa kichwani utadhani katoka shambani. Oktavia huyu, dada, ambaye jembe analionea dukani. Nikaanza kusoma, na mstari wa pili nikaurudia mara mbili. Yalikuwa yale yale niliyoyasema mimi kitandani kwake. Hata siku moja ya mvua niliyoieleza kwa kigugumizi ilikuwepo. Jina tu ndilo lilikuwa jingine. Karatasi yangu ilikuwa imekataliwa. Mwalimu Agustino alinieleza kwa upole kwamba mtambo umeiona inafanana na ya mtu aliyetuma siku mbili kabla yangu, na kwamba kwangu hakulitegemea jambo hilo.

Dada, nimewahi kulia, lakini sijawahi kulia vile. Nilijiona kama mtu aliyefika harusini akakuta nguo yake imevaliwa na mwenzake, na wageni wote wanamsifu aliyevaa. Nilimchukia Oktavia mpaka nikaogopa. Nilichukia hata ile sahani tuliyokuwa tukila pamoja.

Nilimkuta chumbani kwake anamenya viazi. Hakukana. Alisema kile Kiingereza ni cha mashine, siyo changu wala siyo chake, hivyo hakuna aliyemwibia mwenzake. Akasema yeye hakuwa na shida ya kusimulia ikaeleweka, na mimi nilikuwa nazo tele. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, nikamwita mwizi, nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki kwa sababu najua mama ataitaka barua hii. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akafuta mikono, akashika mkono wangu, akaugeuza kiganja juu. Akasema baba yake amenunua mbao Lupembe miaka yote, naye anavijua vidole vya mchuma chai, na vyangu si vya namna hiyo. Nikauchomoa mkono, nikatoka.

Mpaka hapa najua umeshaanza kunionea huruma. Acha kwanza.

Maisha niliyoisimulia mashine hayakuwa yangu. Ni yako. Mimi ningesimulia nini, dada? Kwamba nililishwa, nikavishwa, nikasomeshwa miaka sita, halafu nikakosa mkopo? Niliona ni shida ndogo, haitamliza mtu. Nikachukua ya kwako. Nikasema mimi ndiye niliyefaulu kidato cha nne kwa daraja la pili, baba akazikwa wiki ya majibu, nikaingia kwenye chai. Nikasimulia tenga mgongoni tangu alfajiri, na zile soksi ulizozikata kuvalia mikononi vidole vilipopasuka. Nikasimulia siku ile lori la majani liliponasa kwenye tope, mzigo wote ukaharibika kwenye magunia, ukarudi nyumbani umelowa ukaniambia nilale, shule nitakwenda. Nilijua kila kitu kwa sababu nilikuwa nakuangalia. Sikujua kama nimekuwa nikiyaweka akiba.

Na bado hilo siyo baya kuliko yote. Mashine iliniuliza swali moja ambalo sikulitegemea. Iliuliza huyo mdogo wangu niliyemsomesha kwa jasho langu yuko wapi sasa, na ananisaidiaje. Ningesema nini? Kwamba ana miaka mitatu hajakanyaga nyumbani, na akipigiwa simu anasema yuko kazini? Nikajibu kwamba amefariki, kwa sababu marehemu haulizwi. Ndivyo ilivyoandikwa pale ubaoni. Watu wanasimama, wanasoma, wanamsikitikia.

Nilikwenda kumlalamikia Mwalimu Agustino, naye akataka mimi na Oktavia kila mmoja alete shahidi wa nyumbani. Barua ya kwanza niliyokuandikia ilikuwa ya kukuomba uje useme maisha yale ni yangu. Nilishaifunga kwenye bahasha, dada. Nikakaa nayo siku mbili, kila nikiiangalia namwona yule Oktavia wa kwenye picha, na kitambaa chake. Nikaichana. Jana nimekwenda kumweleza mwalimu kila kitu, na jina lako nimemtajia. Mimi ameniondoa, siwezi kuomba tena kwa miaka miwili. Oktavia naye ametolewa. Amesema mwenye maisha yale, kama cheti cha kidato cha nne anacho, aje Ijumaa tarehe 18 akae mbele yake aseme mwenyewe. Hakuahidi nafasi. Ameahidi kukusikiliza.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Uchungu nilioupata mimi pale ubaoni ndio unaoupata wewe sasa hivi ukisoma, na kwako umezidi, maana mimi nimeibiwa na rafiki na wewe umeibiwa na uliyemlisha. Sikuombi unisamehe. Nakuomba uje. Cheti chako kiko kwenye sanduku la mama, chini ya vitenge. Najua utasema una miaka thelathini na moja, una watoto, na majani hayangoji. Mama Bibie amenipa ruhusa ya wiki nzima. Alhamisi tarehe 17 nitafika Lupembe, watoto nitakaa nao mimi, mama nitamhudumia, na shambani kwako nitaingia. Kama hutaki kuniona, ondoka na basi la kabla yangu. Kituo utaonyeshwa na mtu yeyote ukiulizia maghala ya mahindi.

Mwalimu naye atakuuliza lile swali la mdogo wako. Mjibu unavyoona wewe.

Nisalimie mama, umwambie nakuja. Wabusu Yusto na mdogo wake, na majirani wote wape salamu zangu, pamoja na wale kuku kama bado wapo.

Ni mimi mdogo wako, niliye hai,

Hyasinta