Vitabu vya Wasichana na Alama Yangu ya Hina

Jumatatu, 2 Machi 1987

Leo nimepewa cheo! Mwalimu Pascalia, yule Mtaita anayetusomesha ngumbaru, darasa la watu wazima, kaja na boksi la vitabu. Kumi na moja. Hadithi za vijana tupu — wasichana wa shule, wavulana wa shule, mapenzi, mitihani, wazazi wakali. Ataka wasichana wa hapa Mtongwe wawe wakiazima. Kina mama wakaja juu, ati nani ajua mna nini mle ndani? Nyamvula, jirani yangu, akasema basi na asome mtu mzima kwanza atwambie. Mtu mzima gani? Wote wakanigeukia mie.

Sababu iko. Kusoma najua, cheti cha ngumbaru kipo ukutani. Tena mie ndiye somo wa mtaa huu, maharusi wote nawafunda mie, la aibu na lisilo la aibu nalijua. Nyamvula akaongeza, Bi Mwanasaumu akisoma kitu asubuhi, kufika alasiri tutakuwa tumeshajua sote. Nikamwambia koma! Lakini kweli.

Daftari hili kanipa Mwalimu. Kila kitabu nikipe alama ya utamu kwa kumi, halafu niseme mambo ya kikubwa yamo au hayamo. Kurasa za nyuma naandika yangu. Nani atafungua?

Alhamisi, 5 Machi

Vitabu vitatu vimekwisha! Nasomea uani, wenzangu wanashona makuti. Nasoma kwa kidole, polepole, lakini wanangoja.

Cha msichana na baiskeli — utamu tisa. Mambo ya kikubwa: kijana kamshika mkono kisimani. Nyamvula akauliza, mkono tu? Mkono tu. Akasema, kisima chenyewe kiko mbali na nyumba? Nikamwambia kitabu hakikusema. Tumebishana juu ya kisima hicho mpaka adhana ya adhuhuri.

Chenye gamba la kijani — utamu mbili. Kijana ana adabu tangu mwanzo hadi mwisho, anasoma, anafaulu, anamshukuru mwalimu. Nyamvula kalala na kuti mkononi.

Cha tatu cha mapacha. Saba. Kikubwa hamna, ila matusi mawili, na moja nilikuwa silijui. Sasa nalijua.

Jumapili, 8 Machi

Nimepata akili! Kina mama wengi hawajui kusoma. Hata nikiandika ukurasa fulani una jambo, watajuaje? Na kuchora kwa kalamu kitabu cha watu mie sipendi. Basi jana kulikuwa na hina imebaki bakulini, ya arusi ya kina Mwanakheri, majirani zetu. Kila ukurasa wenye jambo nimeutia tone pembeni. Mama akiona wekundu, ajue. Kitabu kisicho na tone, msichana asome hata mbele ya babake.

Mwalimu alipoona kacheka. Akauliza, na wasichana nao hawataona? Nikamwambia, mwalimu, wale watoto wetu wana haya!

Jumamosi, 14 Machi

Haya! Haya gani!

Vyenye hina vyote vimeazimwa. Visivyo na hina viko boksini vinakusanya vumbi. Leo kaja kitoto cha darasa la nane — shikamoo bibi, marahaba. Nampa cha gamba la kijani, anakigeuza ubavuni, anasema, bibi, hiki hakina hina? Basi sikitaki! Wallahi nimecheka mpaka nikakaa chini. Wanafungua penye tone, wanasoma pale pale, wanarudisha. Hadithi nzima hawana habari nayo.

Mmoja tu ndiye asomaye kitabu mpaka gamba la mwisho — Mwanatumu, binti wa Khatibu na Mwanakheri. Kidato cha pili. Kaja kunigombeza!
— Somo, cha baiskeli umekipa tisa kwa nini? Yule msichana kutoka katikati mpaka mwisho hasemi neno. Wanasema wengine tu.
Nikafikiri. Kweli hasemi. Nikapunguza, nikaandika saba. Kakaa na mie saa nzima, anasoma kama anayemimina maji. Nyamvula kamwambia, we mtoto utakuwa hakimu. Akasema inshallah, si mzaha.

Katoka na kile cha gamba la manjano, cha msichana wa shule aliyepata mimba. Hicho nimekipa utamu nane, na hina ukurasa wa sitini na moja.

Jumanne, 17 Machi

Balaa.

Khatibu kakiona kitabu chini ya mto wa bintiye. Yeye herufi za shule hazijui. Kurani anaisoma, mashaallah, sauti tamu, lakini hizi za kizungu hapana. Kwa hivyo hajui kimesema nini. Ila kuna kijana wa hapo njiani kamsomea neno moja, mimba, nalo limetosha. Halafu kaona hina kwenye karatasi. Kamshika binti mkono — vidole vina hina, ile ya arusi! Ati ndiye aliyetia alama mwenyewe, apate kuurudia ukurasa huo. Binti kaapa. Khatibu kasema, na hii hina ni ya nani, ya jini?

Nyamvula ndiye aliyenihadithia. Mie, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikaokota kuti nikashona.

Jumatano, 18 Machi

Mwanakheri kaja. Macho mekundu. Khatibu kamtoa binti shule. Iko posa ya mtu wa Tiwi, ana shamba la minazi na mke mmoja, ilikuwa imekaa tu haijajibiwa. Sasa atajibu. Wazee wao waje Ijumaa baada ya sala.

Halafu kasema lililomleta. Nikubali kuwa somo wa Mwanatumu.

Miaka ishirini na miwili nafunda maharusi, sijawahi kuombwa nikatamani kukataa. Nikasema inshallah. Sikusema hina ni yangu! Nikisema, itajulikana mji mzima ya kuwa somo anawasomea watu uani vitabu vya mimba na kuvipa alama za utamu. Mama gani ataniletea mwari tena? Ndiyo kazi yangu. Ndiyo heshima yangu yote.

Mwanakheri alipoondoka nikafungua boksi nihesabu vitabu. Nane, vitatu bado viko kwa watu. Nikafunga.

Alhamisi, 19 Machi

Nimekwenda.

Nimevaa buibui la Idi, nikapita kwa Nyamvula, nikamwambia naenda kumwaga unga wangu. Akasema, mwaga shoga, utakula kwangu.

Khatibu kakaa barazani peke yake, kitabu cha manjano kiko mkekani, mbali naye, kama kitu chenye mdudu. Hodi, karibu, hujambo Bi Mwanasaumu, sijambo, watoto, wazima. Hatuna haraka sisi, hata nyumba ikiwaka tutaamkiana. Halafu nikasema kwa mkupuo mmoja: Bwana Khatibu, hina hiyo ni yangu. Nimeitia mie kwa kidole changu, bintiyo hana habari nayo.

Akakitizama kitabu. Kisha akasema:
— Wewe? Somo?
— Mie.
— Basi ni kweli humo mna uchafu. Wewe mwenyewe umeutia alama.

Hapo sikuwa nimefikiri! Nilikuja kumtoa mtoto, nimemzamisha. Nikasema ngoja, nikusomee, usikie mwenyewe. Akageuka upande. Hakukataa.

Nikafungua sitini na moja. Kidole kinaruka mistari. Yule msichana karudi nyumbani kutoka shule, babake anapalilia mihogo. Anasimama kwenye tuta. Babake anamuuliza kama kuna mtihani. Anasema, baba, nina mimba. Babake analiweka jembe chini. Basi, ukurasa umekwisha hapo.

Khatibu bado katizama upande. Akauliza taratibu:
— Akamjibuje?
— Nani?
— Babake. Akamjibuje?

Wallahi sijui. Siku ile nilipofika kwenye neno mimba nilitia hina, nikakipa nane, nikakifunga, kwa maana walikuwa wananiita arusini kupiga vigelegele. Nikamwambia ukweli. Kanitizama vile!
— Umekihukumu na hukukimaliza?

Nikataka kumwambia, na wewe je? Ulimi nikaumeza. Nikageuza ukurasa, nikaanza. Ba-ba-ke a-li... Jua linashuka, herufi zinacheza. Khatibu anavuta pumzi. Nikarudia mstari ule ule mara mbili. Akasema, Bi Mwanasaumu, unasoma kama anayechagua mawe kwenye mchele.

Kisha akaita ndani.
— Mwanatumu!
— Abee, baba.

Katoka, kanga kichwani, macho chini. Hakuniangalia. Babake kakisukuma kitabu kwa ncha ya bakora mpaka miguuni pake.
— Mpokee somo yako, usome wewe.

Mtoto hakugusa. Akasema, baba, ni ukurasa huo? Babake akasema, wa mbele yake. Mwanakheri katokeza mlangoni na mwiko wa ugali mkononi, kaganda.

Mwanatumu kakaa ukingoni mwa mkeka. Kaanza kidogo kidogo, sauti haitoki. Kisha ikatoka. Khatibu akaniashiria kwa mkono, nenda, bi, nenda. Si kwa hasira. Sijui kwa nini.

Nimekwenda, lakini mie ni mie. Nimejibanza nyuma ya mkorosho. Maneno sikuyapata yote, upepo ulikuwa unayachukua, nikasikia sauti tu inakwenda, inakwenda. Wazee wa Tiwi ni kesho. Hakuna aliyetaja waje wala wasije.

Adhana ya magharibi imetoka. Khatibu hakosi sala ya jamaa msikitini hata akiwa na homa. Hakuinuka. Mtoto kanyamaza, nadhani ili babake aende. Nikamsikia Khatibu anakohoa. Akasema, rudia hapo.