Karatasi za Mkono wa Najat

Kijenge, Arusha
4 Machi 1994

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na shangazi Tabitha hamjambo, na migomba imestahimili jua. Sisi ni wazima isipokuwa mmoja, ndiyo maana naandika baada ya miaka sita, tangu ulipokataa kukanyaga kwenye ndoa yangu kwa sababu Nasri ni Mwislamu.

Binti yetu Najat ana miaka mitano. Mwezi wa kwanza alimwagikiwa uji wa moto mkono wa kulia. Kidonda kimefunga, lakini ngozi inavuta na vidole vinajikunja. Daktari ametupa hadi tarehe 22 Aprili: visiponyooka kwa mazoezi, atapasua. Na mazoezi Najat hataki hata kuyasikia. Kitu pekee anachokubali ni duara la karatasi alilopewa na muuguzi: vipande vinane vya mraba, vimekunjwa na kuchomekana. Ukivuta, linafunguka kuwa pete. Ukisukuma, linarudi kuwa nyota. Kulivuta lazima vidole vyote vifunguke. Siku ya tatu lilichanika.

Nimejaribu kutengeneza mengine. Karatasi ya daftari inalegea. Ile ya kung'aa iliyojaa madukani siku hizi inapasuka kwenye mkunjo. Wewe umekata karatasi kwenye uchapaji miaka ishirini na miwili. Niambie nitumie ipi. Sikuombi kingine.

Mwanao,
Diana

Juu ya Makumira
11 Machi 1994

Mwanangu Diana,

Marahaba. Mimi ni mzima, ila magoti. Shangazi yako anakusalimu. Mvua zimeanza, na ukungu hautuachi mpaka saa nne.

Hiyo ya kung'aa imepakwa kitu kama chokaa, ndicho kinachopasuka. Inayofaa ni nyeupe ya kupigia taipu, ile inayolia ukiitikisa. Karatasi ina nyuzi, kama ubao. Ipinde taratibu bila kuivunja, huku na huku: upande inaokubali kirahisi ndio unaokuonyesha nyuzi zimelalaje. Vipande vyote vinane vikunjwe nyuzi zikiwa zimelala upande mmoja, la sivyo vitagombana. Mkunjo uukandamize kwa mgongo wa kijiko, si kwa ukucha.

Usihangaike kutafuta. Nimekukatia vipande arobaini na vinane, havipishani hata unywele. Maria, jirani yetu, atakuletea akija mjini.

Baba yako,
Elisaria

Kijenge
21 Machi 1994

Baba,

Shikamoo. Afya yako nitaiulizia siku nyingine.

Vipande vyako sikuvipinda kupima nyuzi, kwa sababu umekata wewe. Nilikunja maduara matano. Mawili yaliteleza vizuri. Matatu yaling'ang'ana, na Najat alivyo mbishi alivuta kwa nguvu mpaka ngozi ikachanika katikati ya vidole. Tangu siku ile mkono ameuficha kwapani. Leo ni siku ya sita. Akiona karatasi analia, hata yale mawili mazuri hayataki.

Nasri anashona nguo mtaa wa Sokon I, nadhani hilo hulijui. Alivichukua vipande vilivyobaki akavipinda kimoja kimoja, vingine vikakubali huku, vingine kule. Akaniambia, "Hivi ni mabaki, mke wangu. Mabaki ukiyapanga bila alama, hujui tena upande wake."

Nikamwambia baba yangu hawezi kufanya hivyo. Niambie kama nimesema kweli.

Diana

Makumira
28 Machi 1994

Mwanangu,

Mumeo ameona sawa. Ni mabaki ya kazini, yamekaa kwenye sanduku tangu miaka ile karatasi ilipokuwa haipatikani. Nilikata nikayapanga kwa ukubwa tu, sikutia alama ya nyuzi.

Nimeanza mara mbili kukuandikia kwamba ni mazoea ya kubana. Nimechana barua zote mbili. Nilikuwa na rimu nzima, mpya, waliyonipa siku tulipopunguzwa kazini. Siku ya kukukatia nilikaa nayo mapajani, nikasema moyoni, kwa mtoto wa yule Mwislamu mabaki yanatosha. Ndivyo ilivyokuwa, na naona aibu kuliandika.

Rimu nimeifungua. Nimekata vipande mia moja na ishirini, kila kimoja kina nukta ya penseli upande wa nyuzi. Nimevikausha juu ya jiko siku mbili, maana ukungu huu huvimbisha karatasi na ikifika huko mjini husinyaa. Maria anavyo. Mimi naweza kuja? Muulize Nasri.

Baba

Makumira
13 Aprili 1994

Diana mwanangu,

Hamjambo? Maria anasema alivikabidhi mkononi mwako. Jibu sijapata. Zimebaki siku tisa. Kunikasirikia ni haki yako, ila niambie tu kama mtoto anavuta.

Baba

Kijenge
23 Aprili 1994

Baba,

Shikamoo. Natumaini magoti yana nafuu. Barua hii anakuletea Maria. Sikujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa tusi.

Nasri ndiye aliyekunja, yote, akifuata nukta zako. Alikaa karibu na Najat, analivuta duara yeye mwenyewe, hamwambii kitu. Siku ya nne Najat akamnyang'anya. Tangu hapo havuti mwingine, na hakuna duara lililokwama.

Jana daktari alimpima. Vidole vitatu vimenyooka kabisa. Cha pete na cha mwisho vimegoma, atavipasua Jumatano saa mbili asubuhi. Nilimuuliza sababu, nikamweleza yote bila kuficha, akasema zile siku alizouficha mkono ndizo zilizotuponyoka. Nimeona ulijue kutoka kwangu.

Baada ya hapo kidonda kitaoshwa kila siku kwa wiki tatu, na mtu mmoja lazima amshike mkono usicheze hata kidogo. Mimi nilijaribu alipoungua, nikamwachia alipolia. Nasri akiona damu anaanguka. Yeye ndiye aliyenituma niandike hivi, na kitanda chako ameshakitandika.

Sijakusamehe, Baba. Njoo Jumatatu.

Mwanao,
Diana