Mafuta ya Nazi Kwenye Giaboksi

Shemeji Faki,

Nimechoka. Naanza hivyo kwa sababu wewe hukupenda mtu wa kuzunguka, na salamu za kumpelekea mtu aliyelala kaburini Kengeja siku thelathini na tatu mimi sizijui. Nakuandikia nimekaa juu ya debe nyuma ya nyumba. Mikono nimeisugua kwa mchanga na sabuni na bado haijatoka oili, kwa hiyo karatasi hii ina alama za vidole kila mahali. Nistahamilie.

Mkeo, dada yangu, yumo edani. Anakula kidogo, anasema kidogo. Yule mbuzi wako mkorofi kazaa mapacha, wote majike. Dereva wa lori la Mkoani bado anapiga honi akipita mbele ya nyumba yako, halafu nadhani hukumbuka, maana honi hukatika katikati. Watu wameshikana na siasa vile vile ulivyowaacha, hata kupanda gari wanaangalia kwanza la nani. Letu bado wanalipanda. Walikuwa wakilipanda kwa ajili yako, mimi walikuwa wakinivumilia tu.

Safari zote mbili sasa ni zangu, ya alfajiri uliyokuwa ukienda wewe na ya baada ya adhuhuri iliyokuwa yangu siku zote. Mgongo unaniuma. Nikirudi nakaa garini kwanza, sina nguvu ya kushuka. Lakini si hayo yaliyonifanya nitafute kalamu.

Unaikumbuka Ramadhani iliyopita, giaboksi ilipovuja ikakauka? Ulinambia, Kombo, itie mafuta kabla hatujalala njiani na watu wamefunga. Kazi ya chini ya gari ilikuwa yangu, wewe ulikuwa dereva na mimi ndiye fundi, nikijiita hivyo mbele ya kila mtu. Mafuta ya gia hayakuwepo Mkoani wala Chake, meli haijaleta. Nikakaza ile nati iliyokuwa ikivuja, nikaingia jikoni kwa dada yangu, nikachukua galoni ya mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe, nikayamimina yote. Nikasema ni ya siku tatu. Meli ikaleta mafuta baada ya Idi. Ukaniuliza kama nimeshabadilisha, nikasema nimebadilisha. Nilikuwa nimechoka kulala chini ya lile gari, shemeji. Ndiyo sababu yote, hakuna kubwa zaidi ya hiyo. Na kwa kuwa gari lilikwenda vizuri msimu ule wa joto, uongo wangu nikausahau. La, sikuusahau. Nilijisahaulisha.

Kikaja kipupwe. Mtoto gani wa Pemba asiyejua kuwa mafuta ya nazi huganda kipupwe? Chupa ya kujipaka tunaianika juani kila asubuhi. Mimi fundi sikufikiri. Gia zikaanza kukulilia wewe alfajiri, kila ukiingiza zinasaga. Adhuhuri nikishika mimi, jua limeshapasha, zinaingia laini kabisa. Nikakutazama goti lako la kushoto lililovimba, la kukanyagia klachi, nikapata jawabu nililolitaka.

Nilikwambia pale stendi, abiria wamejaa: "Shemeji, mguu umezeeka. Lete ufunguo, utanimalizia gia." Yule mama wa ndizi akasema bora Mzee Faki arudi kwenye gari la ng'ombe, watu wakacheka, na mimi nikacheka. Wewe uliufuta ufunguo kwa pindo la kanzu, ukanipa. Ulisema, "Haya, Kombo. Endesha wewe." Miaka kumi na moja umeendesha gari lile kwa vidole viwili juu ya mkono wa gia.

Wiki ile nikaanza kwenda mimi alfajiri. Gia zikasaga vile vile. Nikipita mbele ya baraza yako zikilia, wewe umekaa unasuka pakacha, unainua mkono. Nami nikijisemea, tazama gia alizoniachia, keshazila meno. Kisha homa ikakushika, siku tisa, na siku ya kumi tukakubeba.

Kabla ya kukusalia, Shehe aliwageukia watu kama ilivyo ada, akauliza nani ana lawama na marehemu, aseme au asamehe. Nikasimama mimi. Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje ya safu, "Mimi nimemsamehe kwa gari." Watu wakaniitikia, wakaniona muungwana.

Jana alfajiri sikwenda safari, nikaingia chini ya gari na baridi yake ya asubuhi kutazama hayo meno uliyoyala. Nimenunua mafuta mapya, nikasema nibadilishe kabisa. Nikafungua nati ya chini, nikaweka karai. Hakikutoka kitu. Nikatia kidole, kikarudi na kitu cheupe kizito kama samli, kinanukia jiko la dada yangu. Nililala pale pale chali nikakitazama kidole changu. Mpaka saa nne jua lilipopanda ndipo yakaanza kudondoka. Nikafungua na mfuniko wa juu. Meno yote mazima, shemeji. Hakuna hata moja lililopigwa. Nikatia mafuta yanayostahili, na leo alfajiri gia zimeingia kimya kimya, tangu Kengeja mpaka Mkoani. Abiria wamenisifu. Nilitamani niwashushe wote.

Nilipotoka safari nikaenda kwa dada yangu. Nilikaa mlangoni nikamweleza yote. Nilidhani atalia. Alikuwa akichagua mchele, akaendelea kuchagua.

"Alijua," akasema. "Alinambia siku ya pili tu baada ya wewe kuyatia: galoni yako imo garini, nikikaa mbele naisikia harufu yake. Ulipomchukulia ufunguo n'kamwambia, basi mwambie Kombo. Akanijibu, dereva akiambiwa mguu umechoka, watu watampa pole. Fundi akiambiwa katia mafuta ya nazi giaboksi, nani atapanda gari lake?" Halafu akaniangalia. "Nawe ukasimama mbele ya maiti yake ukansamehe."

Akarudi kwenye mchele wake. Safari ya adhuhuri sikwenda, nilikaa pale mlangoni mpaka adhana ya alasiri.

Nimekasirika na wewe, nikwambie kweli. Ungenivuta sikio ukanambia, Kombo, usinifanye mjinga. Ulikuwa na haki, na mimi ni mdogo wako. Uliunyamazia ufunguo wako uende, ukakaa barazani unasikiliza gia zinanisaga, unaniinulia mkono. Ulikuwa ukiningoja nijue mwenyewe? Au uliona mimi si mtu wa kujua?

Alhamisi ijayo ni arobaini yako. Watakuja wote waliokuwa kwenye safu, na yule mama wa ndizi, na Shehe. Nitasimama kabla ya hitma. Nitawaambia mafuta niliyatia mimi, uongo niliusema mimi, na goti lako halikuwa na kosa. Wakisema hawapandi tena gari la fundi kama huyu, wasipande. Nimeshamwambia dada yangu, naye kanijibu, "Tutaona."

Lala, shemeji. Sitakusumbua tena kwa barua. Pale kwenye safu niliulizwa mimi kama nimekusamehe. Wewe hakuna aliyekuuliza.

Wako,
Kombo