Kiatu cha Nyuma ya Boriti

KITUO CHA POLISI WENBRIDGE, SUFFOLK
Alhamisi, 14 Machi 2019

Jina: Grigore Bilaşcu, mzaliwa wa Romania. Umri: miaka 47. Kazi: kibarua wa ujenzi. Makazi: karavani nyuma ya zizi, shamba la Ashgate.

Namsaidia fundi seremala, Mzee Desmond Garrod. Tangu Januari tunakarabati nyumba kuukuu ya Bwana Neville Thurlow, mwenye shamba. Nguzo zake ni mwaloni, kuta ni fito na udongo, ina miaka mia nne. Serikali imekataza isibomolewe. Bwana Thurlow anataka kujenga nyumba za kuuza palepale, na hafichi hasira yake.

Mnamo tarehe 11 tulikuta kiatu cha mtoto nyuma ya boriti ya juu ya meko. Wenyeji wa zamani walikificha humo kiilinde nyumba. Mzee Desmond alikirudisha na kuziba kwa udongo, Bwana Thurlow akitazama.

Nilisema, "Mzee, hicho kimeshaoza."

Akanijibu, "Hata wewe umeoza, mbona hatukutupi? Anayekiharibu hafiki Krismasi."

Nilicheka. Bwana Thurlow hakucheka.

Jana tuliishikiza boriti hiyo kwa vigingi vinne vya mwaloni. Nilivigonga mimi, na tulipoondoka jioni kiatu kilikuwa bado kimezibwa nyuma yake.

Leo saa mbili asubuhi Mzee Desmond alitangulia ndani, mimi nikichanganya udongo uani. Boriti ilimwangukia, ikamvunja nyonga. Nilimfukua kwa mikono. Bwana Thurlow alisimama nje, hakuingia hata mara moja, mpaka polisi walipofika na kuifunga nyumba. Aliwaambia mzee amechoka akili, alisahau kutia vigingi. Kwenye kifusi sikuona kigingi hata kimoja, wala kipande.

Saa nne aliniita jikoni kwake. Miezi yote hii hajawahi kunipa hata maji. Leo alinikatia keki.

"Grigore, rafiki yangu, hukuviona hivyo vigingi, au siyo?"

Niliinua macho. Kwenye rafu nyuma yake kilikuwepo kile kiatu, kimefutwa safi.

Nilimuuliza kimefikaje pale. Akaweka kikombe chini.

"Karavani unayolala ni yangu," akasema.

Keki niliiacha, nikaja hapa kwa miguu. Mzee Desmond hakusahau kitu. Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na leo sijui nitalala wapi.

Sahihi: G. Bilaşcu

Shahidi amesomewa maelezo yake, amekubali ni sahihi. Kiatu kimechukuliwa jikoni kwa Bwana Thurlow saa nane mchana. Bwana Thurlow aliomba jambo moja tu: kisitupwe.
Konstebo R. Pashley