Bwana Kimya Ameondoka

14 Mei

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo unalifahamu na halina jipya. Natumaini na wewe u mzima, na kwamba huko kazini wanakufunga mkanda vizuri kabla hujaning'inia kwenye mashimo ya lifti.

Habari utakuwa umezisikia. Kocha wetu, Bwana Kimya, ameiacha timu yetu.

Mimi zilinikuta kazini. Tulikuwa tumeletewa mashuka ya wodi tatu, nayakunja na Mama Pacha. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Huyu anashika ncha zake, yule zake, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana. Kwa hiyo nimetazamana na mwanamke huyo miaka mingi, na miaka yote hiyo yeye ni wa wapinzani wetu, timu ya chungwa. Tukifungwa, anakunja huku anaimba. Redio ya mpiga pasi ilipotangaza, nilisubiri aanze. Tukavuta, tukakutana katikati, akasema kwa sauti ndogo, "Pole, mzee." Basi. Afadhali angeimba. Hapo ndipo nilipojua jambo limetokea kweli.

Jioni, kwenye ukumbi tunakoangalia mpira, watu walikaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Kinyozi akasema, "Makombe yote yale, halafu mtu anaondoka kwa tangazo la mistari minne!" Dereva wa gari la taka akamjibu, "Ulitaka aje akuage kwako, umpe na chai?" Watu wakacheka kidogo.

Mimi nilikuwa namwaza marehemu binti yangu. Mkeo ndiye aliyempa kocha yule jina humu nyumbani, hata majirani wakalichukua. Alisema anasimama kando ya uwanja kama mtu anayesubiri ndoo ijae. Na ikipigwa penalti, binti yangu alikuwa anakimbilia nyuma ya mlango wa jikoni na kuuliza, "Imeingia?" Wewe ulikuwa unamjibu "bado" hata kama watu wameshashangilia mtaa mzima.

Nitasema jambo, usinicheke. Tangu tumzike, mimi na wewe tunaandikiana habari za timu tu. Kwenye simu tunaulizana kama mvua imenyesha, halafu kila mtu anasubiri mwenzake akate. Nilijiambia, maadamu Bwana Kimya yupo, tutakuwa na la kuandika. Mtu halazimiki kumwandikia baba wa mke aliyekwisha kufa. Sasa hata huyo ameondoka, na mimi naogopa kidogo. Usiache kuandika.

Ni mimi baba yako.


22 Mei

Shikamoo baba,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa juu ya paa la lifti, ambako hakuna anayenisumbua. Mkanda nilikuwa nimeufunga. Mimi sijambo. Goti lako lisugue mafuta ya moto, na usibebe matenga ya nguo mbichi peke yako, najua unabeba.

Siku ile ya habari nilikuwa natengeneza lifti ya jengo la ofisi ninakoshinda siku hizi, ghorofa kumi na mbili. Nikiwa ndani ya shimo huwa nasikia maneno ya wanaopanda na kushuka katika lifti ya jirani. Kwa kawaida ni kelele tupu. Asubuhi ile walipanda kama wanakwenda kufanya mtihani. Mmoja tu nilimsikia akisema, "Nilimwambia mke wangu leo sili." Mwenzake akamwuliza, "Mkeo akasemaje?" Akajibu, "Akasema vizuri, chakula kitabaki cha kesho."

Nilipotoka shimoni nilikaa sakafuni, mkanda bado kiunoni. Dada wa mapokezi aliniona, akaniletea maji, akaniuliza kama nimepata ajali. Nikamwambia kocha wetu ameondoka. Hajui mpira, baba. Aliuliza, "Kwani mlikuwa na undugu?" Lakini aliuliza kwa upole, akakaa kunisikiliza. Nikajikuta namweleza habari za marehemu, mlango wa jikoni, ndoo, yote. Nikashangaa jinsi nilivyomtaja kwa urahisi. Dada huyo hakusema "pole" haraka haraka kama watu wanaotaka umalize. Aliuliza marehemu alikuwa anapenda wimbo gani.

Wewe huachwi, baba. Usiandike tena hivyo.

Lakini nataka kukuuliza kitu, na unijibu kama unavyoona moyoni. Watasema wanaleta kocha mwingine. Timu haiwezi kukaa bila mtu. Je, shabiki aliyempenda yule wa kwanza kwa dhati, akimkubali na huyu wa pili, atakuwa amemkosea yule? Au anaweza kuwa na nafasi ya wote wawili? Hata dada wa mapokezi nilimwuliza, akasema swali hilo nikuulize wewe.

Nasubiri jibu lako.

Mwanao, mkweo.


6 Juni

Mwanangu,

Natumaini barua hii itakukuta na afya kama inavyoniacha mimi. Mafuta ya moto nimeyasugua, yamesaidia.

Swali lako ni zuri na jibu lake ni jepesi. Juzi tulikaa kikao pale ukumbini, watu wa timu yetu wote. Tumekubaliana kwamba kocha mpya akija, hatutampigia makofi msimu mzima. Tutaangalia mechi mikono imekunjwa. Picha ya Bwana Kimya inabaki ukutani na hakuna ya pili itakayotundikwa kando yake. Mimi ndiye niliyenyoosha mkono wa kwanza.

Atakayekaa kwenye benchi lile baada yake, kwangu mimi ni mgeni aliyevaa koti la mwenye nyumba. Mtu aliyependa kweli hatafuti wa kuziba pengo. Pengo lenyewe ndiyo heshima iliyobaki. Sitaki hata kulisikia jina la huyo mwingine.

Nafurahi kwamba mimi na wewe tuko pamoja katika hili. Binti yangu, popote alipo, anatuona.

Mwambie huyo dada wa mapokezi asante kwa maji.

Ni mimi baba yako.


3 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Sijapata barua yako na mwezi umekwisha. Nilipiga simu Jumapili, ukasema una kazi nyingi, na mvua haijanyesha.

Kama ni ugonjwa, niambie. Kama ni kazi, basi fanya kazi, mimi nitasubiri. Ila niandikie hata mistari miwili.

Baba yako.


19 Agosti

Mwanangu,

Nakusalimu. Leo sikuulizi hali, maana nadhani nimeijua. Keti mahali pazuri, si juu ya lifti.

Jumamosi kocha mpya alisimamia mechi yake ya kwanza. Ukumbi ulijaa na wote tulikuwa mikono imekunjwa kama tulivyoapa. Huyu si mtu wa kimya. Anarukaruka pale kando kama aliyekanyaga kaa la moto. Mimi nilikuwa namtazama kwa ubaya. Mara yule kijana wetu wa pembeni akachukua mpira, akapita mmoja, akapita wa pili, akafunga. Mwanangu, nilijikuta nimesimama. Mikono ilipiga makofi kabla sijaiuliza. Kinyozi akaniambia, "Mzee! Si tulikubaliana?" Nikamwambia, "Kwani hukuliona bao?" Yule dereva akasema, "Mwacheni, goti lilikuwa linamuuma, alikuwa anajinyoosha."

Jumatatu nilimsimulia Mama Pacha. Nilimwambia nilirudi nyumbani nimejiona msaliti. Akasema, "Na yule wa zamani kapungukiwa nini? Kombe gani limeondoka kabatini?" Nikazivuta ncha zangu. Tukakunja.

Kisha akauliza, "Mkweo kasemaje?"

"Hajaandika."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomjibu habari ya kocha mpya."

"Alikuuliza nini hasa?"

Nikamweleza, neno kwa neno, kama ulivyoandika. Akaziachia ncha zake zote mbili. Shuka likaanguka sakafuni, ikabidi lirudi kufuliwa.

"Mzee, kijana huyo ana umri gani?"

"Thelathini na kitu."

"Na huyo dada wa mapokezi, katika barua hiyo kamtaja mara ngapi?"

Nikainama kuliokota shuka.

"Mara ngapi, mzee?"

"Karibu kila alipogeuka."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Nilipomwambia nilichojibu, habari ya pengo na ya koti la mwenye nyumba, alishika kichwa. "Kijana wa watu anaomba ruhusa ya kuishi," akasema, "wewe unampa maazimio ya kikao!"

Nisikilize basi. Najua mkwe hawezi kumkabili mkwe wake na jambo kama hilo waziwazi. Uliliweka nyuma ya mpira kwa heshima, na mimi kwa uzee wangu nikauona mpira tu.

Sitakudanganya kwamba halikuniuma. Nilikwenda kukaa chumba cha mashuka mapya, ambako hakuna mvuke, nikakaa mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama naumwa. Nilimkumbuka mwanangu akiwa mdogo, jinsi alivyokuwa akitaka kila mtu ale kabla hajaanza yeye. Akikuta mtu ameketi peke yake, alikuwa anavuta kiti kumsogelea. Huyo ndiye aliyekuwa mkeo. Mtu wa namna hiyo hawezi kufurahi kwamba umekaa miaka hii unakula peke yako huku umesimama jikoni. Nakujua, unakula umesimama.

Maneno yangu ya Juni yafute. Yalikuwa ya kocha, na hata kwa kocha hayakuwa ya kweli.

Kama huyo dada bado yupo, mpe salamu zangu. Kama hayupo kwa sababu yangu, nitajuta sana.

Baba yako.


2 Septemba

Shikamoo baba,

Mimi sijambo, na leo nasema hivyo kwa kweli.

Barua yako ya Juni nilipoisoma nilimwambia dada wa mapokezi kwamba tusubiri. Hakuuliza mpaka lini. Aliendelea kunisalimia kila asubuhi kama kawaida, na hilo lilinishinda kuliko kama angekasirika. Mimi sikukuandikia kwa sababu nisingeweza kuandika habari za timu na kunyamazia hili. Ningekuwa nakudanganya kwa kila sentensi.

Yupo, baba. Nilimsomea barua yako ya Agosti. Alicheka kwa shuka lililoanguka, halafu akalia kwa habari ya kiti. Anataka kukuona. Anauliza pia kama ni lazima awe shabiki, au anaweza kukaa tu akatutazama sisi.

Sasa kuna jambo, na hili silifichi nyuma ya kitu. Wazazi wake wanataka nipeleke mzee wa kunisemea. Unajua baba yangu alifariki kabla sijajifunza kusoma, na upande wa mama hakuna aliyebaki. Msimamizi wangu kazini amejitolea, lakini ananijua kwa lifti tu.

Naona aibu kukuomba. Baba wa mke wa kwanza kwenda kumposea mkwe wake mke wa pili, sijui kama kuna aliyewahi kuliona. Watu wanaweza kukucheka, au wakasema nimekuonyesha dharau. Ukikataa nitakuelewa kabisa, na barua zitaendelea kuja, hilo naahidi. Lakini nikifumba macho kutafuta mtu wa kusimama upande wangu, sioni mwingine.

Mwanao, mkweo.


10 Septemba

Mwanangu,

Salamu kwako, na kwake, na kwa wazee wake.

Nimeomba likizo. Msimamizi wa dobi aliuliza nakwenda wapi, nikamwambia nakwenda kumposea mwanangu. Akashangaa. "Mzee, si ulikuwa na binti tu?" Nikamwambia nilikuwa na wawili, mmoja nilimzaa, wa pili aliletwa nyumbani na yule wa kwanza. Akatia saini bila kuuliza tena. Mama Pacha amenipigia pasi shati jeupe, na amesema nikirudi bila habari kamili nitakunja mashuka peke yangu.

Nitafika kwa basi la Ijumaa. Usihangaike na godoro, mimi nalala popote palipo pakavu. Mwambie huyo binti si lazima awe shabiki. Penye mashabiki wawili pana kelele ya kutosha.

Kuhusu kuchekwa, usiwe na wasiwasi. Nimelifikiria hilo nikiwa nakunja, nikaona tofauti kabisa. Wale ni wazazi. Hawatauliza mshahara wako kwanza. Swali lililo moyoni mwao ni moja: binti yetu akiumwa, kijana huyu atakaa naye? Mtu mwingine yeyote ungempeleka, angejibu kwa kukisia. Mimi nitawaambia kwamba binti wa kwanza uliyekabidhiwa alikuwa wangu, na alipougua nilikuwepo mlangoni mwa chumba chenu mpaka siku ya mwisho, na niliona.

Baba yako.