Chumba cha Kupumzikia Kilivyotaka Kuniponza

Mjukuu wangu Furaha,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa kijijini Songambele. Tu wazima, na kahawa imeanza kuiva. Unauliza ilikuwaje karibu ndege iniache, nami nakwenda Kigali kumwona dada yangu mgonjwa, wakati ulinitafutia chumba kizuri cha kupumzikia pale uwanja wa ndege.

Chumba kizuri! Niliingia nikasalimu, hakuna aliyeitikia. Nikamkaribisha aliyekaa jirani yangu kahawa ya kutafuna, kama tunavyokaribisha wageni kwetu. Akasema, "Mama, kahawa iko kwenye mashine," akavaa hedfoni zake. Na humo ndege hazitangazwi! Mfagiaji ndiye aliyenishtua: "Bibi, unakwenda wapi? Kigali? Kimbia, wanafunga mlango!"

Nilipokuwa msichana, tulivuka mpaka kutoka Rwanda kuingia Kyerwa. Tukiwa tumekaa tunangoja, mama mmoja wa Bugomora alitutilia kahawa viganjani hata kabla ya kutuuliza majina. Tangu siku hiyo nikadhani kila panapongojewa kitu, watu hujuana.

Dada nilimkuta, na alinitambua. Safari ijayo, tafadhali, niache kwenye mabenchi ya nje, penye watu wanaoulizana wanakwenda wapi.

Bibi yako