Mabega Haya Si Yako, Mama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, ingawa hilo la kuamka vizuri ndilo ninalotaka tulizungumze. Huku sisi wazima, cherehani inaunguruma, na wateja ni wasumbufu kama kawaida.

Gauni lako la harusi ya mdogo wangu sijalikata. Aliponisomea vipimo vyako kwenye simu, machale yalinicheza. Kifua, kiuno na nyonga vilikaribia kabisa vile vya gauni la mwaka juzi, nikafurahi. Lakini mabega yameongezeka inchi mbili, na mkono umerefuka! Mtu hunenepa, mtu hukonda, ila mifupa ya mtu mzima hairefuki.

Kwanza nilimshuku yeye, bibi harusi wetu. Unamjua, akili yake yote iko kwa mchumba. Huenda alikupima juu ya sweta. Nikamwambia arudie, ukiwa umesimama wima, mikono umeilegeza, umevaa nguo moja nyepesi. Akajibu haraka mno kwamba hakuna haja. Nikaomba picha, ikaja umeketi, umejifunika shuka hadi kidevuni, na nje jua linawaka. Nikaomba kuongea nawe, nikaambiwa umelala. Nilipopiga tena, umelala. Wewe, ambaye hujawahi kumpa jogoo nafasi ya kukuamsha!

Jana nilimbana. Akaangua kilio. Akasema ulimtuma ampime mama jirani, kwa kuwa yeye ni mnene kama ulivyokuwa wewe, ili nisijue jinsi ulivyokwisha.

Mama, imeniuma sana. Baba naye mlinificha, nikafika kaburi limeshafukiwa. Mwenyewe ulitufundisha kuhusu mficha maradhi. Methali hiyo sitaimalizia.

Barua hii nimempa dereva wa basi la asubuhi. Mimi napanda la mchana, tepu yangu shingoni. Usimtume mtu aseme umelala, wala usijifunike. Nitakupima mwenyewe, polepole, na nikikuta umebaki mifupa, basi nitaishonea hiyo mifupa gauni, kwa sababu ni ya mama yangu.

Msalimie mama jirani. Mwambie ana mabega mazuri, lakini sitaki kuyavalisha.

Ni mimi mwanao, fundi wako.